Kwaya Nzima Inatoka Jasho kwa Ajili Yangu

Mpendwa Shangazi, salamu nyingi, naomba unisaidie maana nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, fundi cherehani, naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani kwetu, na baba yangu ni shemasi. Mwaka jana tulimzika mdogo wangu, tuliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, na tangu hapo baba hajamtaja hata mara moja, ukimtaja wewe anatoka nje kuangalia kama geti limefungwa, nikaona tukiendelea hivi mtoto atapotea kabisa, basi nikaenda kwa kijana anayechora tatoo nyuma ya saluni, nikachorwa “Kasuku” chini ya kiwiko. Sitaki kukudanganya, nilitoka pale nimeushika mkono kama nimemshika yeye, lakini kufika nyumbani nikakumbuka kwamba baba ndiye huwafundisha vijana lile andiko la kutojiandika alama mwilini kwa ajili ya wafu, nikavaa blauzi ya mikono mirefu.

Wakati huo kwaya ilikuwa imenipa kazi ya sare mpya, walitaka mikono mifupi, nikawaambia mikono mirefu ndiyo yenye heshima, wakakubali, sasa kila Jumapili mwalimu wa kwaya anaongoza huku anajifuta uso, na mama mmoja wa sauti ya kwanza karibu azimie katikati ya pambio, na aliyemdaka ni mimi. Shangazi, ubatizo wangu ni mwezi ujao, kwetu tunazamishwa, na baba ndiye husimama majini na mchungaji akimshika mkono anayebatizwa, na zile kanzu nyeupe nazishona mwenyewe, zikilowa zinaonyesha yote hata uweke bitana. Nimewaza kuahirisha, nimewaza hata kuipitisha pasi ya moto juu ya tatoo niseme nimeungua kazini. Je, Mungu atanipokea na mkono huu? Na baba je?

Fundi, sauti ya pili

Fundi mwanangu,

Pole sana kwa mdogo wako. Na hiyo pasi, itoe kichwani leo hii! Pasi ni ya nguo. Ukijichoma utabaki na kovu, na uongo juu yake.

Hizo sare zimenichekesha mpaka nikashika mbavu, halafu nikamwonea huruma yule mama. Kusanya sare zao uzipunguze mikono wapumue.

Umeuliza kama Mungu atakupokea. Mwanangu, unadhani anaishia kwenye ngozi? Wako walioingia majini na mambo mazito kuliko jina la mtoto, wakapokelewa. Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ulikimbilia sindano ukiwa na majonzi, hukusali, hukumwuliza mtu, na kitu kisichofutika hakitaki papara. Makanisa hayana kauli moja juu ya tatoo, kwa hiyo mwone mchungaji wako mapema, umwambie yote. Na vijana wenzako wakiiona wakataka za kwao, usiwape anwani ya saluni. Waambie wangoje, waombe, wazungumze na wakubwa wao, na asiende mtu kule akiwa na machozi.

Sasa baba. Wewe unamwogopa shemasi, mimi katika barua yako nimemwona mzazi asiyetaka mtoto wake aliyebaki amwone akilia. Usimvizie majini mbele ya kanisa zima, utamwaibisha bure. Mkute nyumbani mkiwa wawili, mwonyeshe mkono, mwambie kwa nini ulichora. Atagomba. Ana haki ya kugomba, usimjibu, omba radhi kwa kumficha. Akimaliza, mwombe akusomee kwa sauti kilichoandikwa hapo. Huenda akatoka kwanza kuangalia geti. Ngoja. Akishalitamka jina la mwanawe, mshike mkono, mlie wote wawili.