Sarafu Nilizozing'arisha

Kwako Baba Mapacha,

Huku watoto hawajambo, na bomba la uani limeacha kuvuja. Najua daktari amekukataza kucheka kwa sababu ya mshono, basi soma polepole.

Jumamosi nilizipeleka sarafu zako za kale gulioni, tupate hela ya dawa zako. Usinikasirikie: nilizisugua kwanza kwa ndimu na majivu mpaka zikameta. Kipara, jirani yako wa meza ambaye hamsalimiani naye mwaka wa sita huu, alipoziona alishika kichwa.

"Shemeji, umeziua! Wateja wetu wanataka ule weusi wa miaka mingi."

Nililia palepale, mbele ya watu. Hata pole hakunipa. Alichota sarafu zake mwenyewe, nyeusi tii, akazimwaga kwenye kitambaa chetu, akaanza kuninadia. Kufika adhuhuri zilikuwa zimekwisha, na hela yote akanisukumia mimi.

Nilimshukuru mpaka maneno yakaniishia. Yeye akatazama pembeni.

"Mwambie apone upesi," alisema. "Nimechoka kununa peke yangu."

Mkeo anayekungoja,
Mama Mapacha