Nyumba ya Vyumba Vingi, Jukwaani Kiti Kimoja

Mpendwa mshauri, amahoro, naomba unisaidie maana familia yote imenigeukia. Naitwa Warda, niko hapa Rumonge, Burundi, kazi ya nguo na jukwaa nilijifunza mwenyewe kwa kutazama tu, na kundi letu la teyatre linaigiza riwaya moja ya zamani ya Kifaransa, ya mjane tajiri anayegoma kuuza nyumba yake ya vyumba vingi, basi mimi nikaweka jukwaani kiti kimoja na fremu ya mlango bila ukuta, na waigizaji wote nikawavika shuka nyeupe isiyoshonwa, ili watu waache kutazama nguo wasikie maneno. Kwenye mazoezi shangazi yangu Mwanvua, ndiye mwenye ukumbi, akapiga yowe: "Huyu ni mjane tajiri ama ni maiti?" Naye mama wa Aziza, yule msichana anayecheza mjane, akamvuta binti yake mkono: "Mutoto wangu iko muzima bado, twende!" Sasa shangazi anataka nimpishe Djibril, mpambaji wa harusi, alete makochi ya dhahabu na maua ya plastiki, la sivyo ukumbi hakuna. Nikikubali, mchezo si wangu tena. Nikikataa, hakuna mchezo. Nifanyeje?

Warda, pole, halafu nikugombeze. Umezaliwa kwa Waislamu wa ufukweni, unawavika watu shuka ambayo haijapita sindano, ulitegemea wapige makofi? Shukuru hawakusoma Yasini. Nenda kwa mama Aziza leo, kaa mkekani, omba radhi, na habari za sanaa ziache mlangoni.

Ila usichanganye mambo. Shuka ni kosa. Kiti si kosa. Sanda haishonwi, basi wewe shona. Tia mikono, tia kola, chovya kwenye rangi ya udongo, iwe nguo ya mtu anayekula na kugombana. Baada ya hapo usiongeze hata kifungo.

Djibril, hapana. Nimekula harusi zake Muhuta mpaka Kigwena; bibi arusi sikumwona, niliona maua. Mwambie shangazi kwa adabu, bila kushusha macho: "Nguo nilikosea, nimetengeneza. Nyumba ni ya mjane, ataijenga kwa mdomo wake."

Akifunga ukumbi, mwambie murakoze, asante, chezeni sokoni. Kiti na fremu vinabebwa kichwani. Makochi yanataka kamyo. Na mtu asiyeuona ukuta pale Aziza anapousema, hata ukimletea matofali atauliza saruji iko wapi.