Selotepu kwenye Neti ya Heri

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Leo Dokta Tusajigwe kaniita nione! Mie pale maabara ya chuo kazi yangu kudeki tu. Jiwe lao jeusi, dogo kama kucha ya mtoto, wanaligandisha kwa baridi kali, kisha wanalimulika kwa taa ya kijani. Mwanga mwingi unarudi vilevile. Kidogo unarudi umebadilika rangi, na hicho kidogo ndicho kinawaambia ndani ya jiwe kunatetemekaje. Jiwe lina chuma. Likipoa sana, umeme unapita bila kupotea hata chembe. Nikauliza, kwa hiyo umeme wa LUKU utashuka bei? Alicheka mpaka akakaa. Eti niombe Mungu, labda wajukuu zangu.

Kabla ya kumulika wanalibandika selotepu, wanabandua, jiwe linabaki na uso mpya. Selotepu inaenda kwenye kopo. Imejaa vimeta vya jiwe! Nimechukua kipande, nimeziba tundu kwenye neti ya mwanangu Heri. Mbu wa Kibamba hawana huruma. Isack ananitania: mke wangu kaleta nyota ndani.

Jumatano, 14 Agosti
Mungu wangu.
Dokta alikuwa na wanafunzi wapya. Akawaambia: vaeni glavu, jiwe hili lina aseniki. Mmoja akauliza, si sumu ya panya? Ndiyo hiyo hiyo.
Fagio liliniponyoka. Kopo lile waliniambiaga nisiliguse. Nilidhani wanaogopa nitamwaga.
Nimekimbia nyumbani. Selotepu imetafunwa pembeni — imelowa mate! Isack anasema nikae kimya, watanifukuza. Heri ananyonya, ananichekea. Namwangalia tu.

Alhamisi, 15 Agosti
Heri katapika. Nesi wa kliniki: "Mama, kala nini huyu?" Nikasema sijui. Akasema basi ni meno hayo, mpeleke nyumbani.
Nikafika getini. Nikampigia Dokta, nikasema yote.
Akasema: "Kaa hapo hapo, Mama Heri. Selotepu unayo?"
Kaja mwenyewe. Hakunigombeza — bora angenigombeza! Kamweleza nesi ukweli, Heri katolewa damu, majibu yake yanachelewa. Dokta anasema selotepu za kopo lile ni za mawe mawili, na jiwe moja halina aseniki kabisa. Kwa macho yanafanana. Kila jiwe linarudisha mwanga kivyake, kwa hiyo atavimulika vile vimeta, atapiga simu.
Kaondoka na selotepu, nilikuwa nayo mkobani.
Nipo kwenye benchi. Heri hajatapika tena. Au kachoka tu? Ee Mungu, liwe lile jingine.
Simu inaita — Dokta! Heri kaiwahi, kaishika kwa mikono miwili, anaitia mdomoni — naacha kuandika, niipokee.