Masatu Ameanza Kusema Kama Burito

Mugango, Musoma
9 Juni 1994

Mpendwa kaka Alfonsi,

Pokea salamu za nyumbani. Kifua chako kimepona? Wifi na watoto wanaendeleaje huko Tanga? Sisi tunapumua, ila mama hali chakula vizuri.

Kaka, simu uliyopata ilisema tu mdogo wetu Burito amefariki. Alijiua. Majirani wengine wanasema ni laana, hata kisimani wananikwepa.

Tangu apunguzwe kiwandani, alikuwaga anasema wanawe wangeishi vizuri bila yeye. Tukadhani ni hasira. Wiki ile ya kufa kwake akachangamka, akacheka na mama, tukamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa amechoka, anajiona mzigo, na sisi hatukuuona uchovu huo. Mkewe Boke anafua mashati yake yaliyo safi, ananiuliza, "Hyasinta, nilimkosea nini?"

Sasa hofu yangu ni Masatu, kitinda mimba wetu. Juzi aligawa nyavu zake za kuvulia, akasema hana kazi nazo tena. Nikamfuata shambani, nikamuuliza wazi, "Masatu, unataka kujiua?"

Aliweka jembe chini. Kisha akasema, "Dada, sitaki kufa. Nataka tu haya maumivu yaishe. Burito ananiita kila saa."

Tulilia pamoja. Nikampeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza bila kumkaripia, akatuambia tusimwache peke yake na tumrudishe kila wiki. Analala kwetu, na mume wangu Clementi anakwenda naye ziwani.

Bado naogopa, kaka. Jana alibaki ziwani kuoga, akachelewa kurudi, nikatupa mwiko, nikakimbia mpaka ufukweni. Nilimkuta kwenye jiwe, anaparua magamba ya sato. Akauliza mbona nahema hivyo. Akasogea, akanipa nafasi, nikakaa.

Njoo ukiweza. Usije na maneno ya kumwonya. Njoo ukae naye tu.

Mama anakusalimu, na Boke, na Clementi. Masatu mwenyewe kasema nikuandikie kwamba anakukumbuka. Mungu akushike njiani, akulete mzima.

Dada yako akupendaye,
Hyasinta