Mafuta ya Giaboksi na Magoti ya Nyanya

Mong'ina, nimejificha jikoni. Nyanya Tryphosa amewaeleza wakwe zangu habari ya gari la babu Obadiah. Lile la otomatiki, la mwaka wa sabini na nne.

Fundi Ogari wa Kisii alimwambia babu mafuta ya giaboksi hupimwa injini ikinguruma, ikizimwa huonekana mengi kuliko yalivyo. Babu, mwalimu mzima, akakataa. "Hata mgonjwa hupimwa akiwa ametulia."

Basi kila Jumapili anazima injini, anapima, anaona mafuta yamezidi, anatoa kikombe kimoja. Kila Jumapili, Mong'ina. Kikombe.

Kwenye mlima wa Ekerenyo gari likagoma. Linanguruma tu, haliendi. Ogari akaitwa, akachomoa kijiti cha kupimia. Kikavu.

"Mwalimu, mafuta yalienda wapi?"

Babu hajui, kila Jumapili humpa Nyanya kile kikombe akamwage. Nyanya alikuwa ameshashuka garini na kufika juu ya mlima kwa miguu. Akaitwa, akashuka mbio, akakiri. Hakuwahi kumwaga. Alijipaka magoti, yalikuwa yakimuuma.

Ogari akamtazama, akamgeukia babu. "Mafuta ni mazuri, mwalimu. Ni gari tu halijayapata."

Wakwe wamecheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka. Ameuliza kama mafuta hayo bado yanauzwa.