Taulo Jekundu la Nesi

Dada, maneno yote uliyonituma nilikuwa nayo mdomoni mpaka nafika mlangoni kwa fundi bati. Halafu akaniangalia, yakaisha.

Ngoja kwanza, usije ukasema mdogo wako hana adabu. Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi mzima, na nyumba ya mama nzima. Mlango wa uani nimeutia bawaba mpya.

Sasa huyu jirani, mzee fundi bati. Mpangaji wetu nesi anarudi asubuhi kutoka zamu ya usiku macho yamevimba, akiweka tu kichwa kwenye mto, upande wa pili ndoo zinaanza kugongwa. Akaniambia anatupenda, ila mwezi ukiisha anahama, usingizi hauuzwi dukani. Ndiyo ukanituma nikamkanye mzee. Najua nyumba ikikaa tupu roho yako haitulii. Mama aliiacha mikononi mwako, na wewe umeiacha mikononi mwangu.

Basi nikasimama pale kama mwizi wa kuku. Mzee akauliza nataka nini, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nikasema kelele, polepole. Hakusikia. Masikio yake yameliwa na nyundo miaka arobaini. Akadhani naomba kazi! Akasema watu wa mtaa huu wakija kwake wanarusha mikono tu kama wanafukuza nyuki, mimi wa kwanza kusimama kwa adabu. Akanipa nyundo. Dada, unanijua. Ningekataaje?

Hapa naomba unisamehe. Wiki tatu zile ulizokuwa unanipigia simu, nikawa nakujibu nimeshamwambia ila ana kichwa kigumu, nusu ya kelele ilikuwa yangu. Nesi akipiga ukuta na kumlaani mzee, mimi nipo humo, nainama.

Juzi nesi akanikamata. Aliingia na gauni la kulalia, ndala mguu mmoja, akanikuta na nyundo juu. Nilitamani ardhi ipasuke. Akacheka mpaka akakalia sanduku, akasema kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akamsogelea mzee, akamwambia yote sikioni kwa kupaza sauti, maana mimi hata hapo sikuweza. Mzee akashika kichwa. Akasema angeambiwa mapema, yeye si mnyama.

Sasa asubuhi tunapima, tunakata, tunakunja. Nyundo inalala na nesi. Akiamka anaanika taulo lake jekundu juu ya ukuta, ndipo tunagonga. Amesema hahami.

Kwa hiyo Jumamosi usije kumkalia mzee kooni. Njoo na mtoto mumsalimie, na uione ndoo yangu ya kwanza. Inavuja kidogo, lakini imesimama wima.

Msalimie shemeji. Nilikuwa na mengine, ila taulo limetoka sasa hivi na mzee ameligeuzia mgongo, anasubiri. Nikimwita hasikii. Inabidi niende nikamguse bega.

Mimi mdogo wako,
fundi