Uvimbe wa goti langu mbele ya sumaku

Dar, Alhamisi usiku

...na mimi nilishajiandaa kwa mguu mmoja! Kule nyumbani Utemini nilisoma kitabu cha udaktari cha mtumba, nikajipima mwenyewe: uvimbe wa goti, saratani, kwisha habari.

Leo kwenye MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, dada wa mashine akaiona hirizi yangu ya bati shingoni.

"Vua, kaka."

"Bibi kasema nikivua nakufa."

"Ukiingia nayo, sumaku itaivuta na shingo yako."

Nikavua. Mashine ikagonga kama karasha la mgodi wa Sekenke linalosaga mawe ya dhahabu, nami nasali dini zote.

Daktari mzee akatazama picha. "Gegedu, ule mfupa laini uliofunika uvimbe, ni jembamba; lingekuwa nene ndiyo ningeogopa. Siyo saratani, kijana. Mguu haukatwi."

Nikamrukia, nikamkumbatia. Ndipo nikakumbuka sijampa hata shikamoo.